Mikono ya Garnet katika Chumba cha Wachanga

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mji wa Dartmouth bado uko gizani na theluji ya jana imegeuka barafu ngumu kwenye ngazi. Garnet Provo anamwaga chumvi kwa kopo la maziwa ya unga, anakanyaga kwa buti kupima kama panateleza, kisha anamwaga tena.

"Hapa pakiniangusha mimi, mtaa mzima utatikisika," anasema, na kucheka peke yake.

Mama wa kwanza anaingia mbio, mtoto mkono mmoja, kahawa mkono wa pili. Garnet hampokonyi mtoto kama watu wenye haraka wanavyofanya. Anapiga goti mpaka uso wake uwe sawa na uso wa mtoto, halafu anasema kwa sauti inayofika hadi jikoni:

"Habari za asubuhi, Bwana Theo. Sasa Mjomba Garnet anakupokea. Sasa navua kofia. Hii hapa kofia yako. Sasa buti la kushoto."

Ndivyo anavyofanya kwa kila mmoja. Hakuna kifungo kinachofunguliwa wala pua inayofutwa kabla Garnet hajaitangaza. Watoto waliokwisha kujua kusema wamemwiga. Ukipita pale kabla ya chakula cha mchana utawasikia wakiambiana, "Sasa nachukua gari lako," ndipo waanze kuligombania.

Ana miaka hamsini na sita, kimo cha kuinama akipita milangoni, na viganja ambavyo glavu za dukani zinavikataa. Kwao ni Preston, ambako watu wake wamezaliwa na kuzikwa tangu nchi hii haijaitwa Kanada. Jumapili ni shemasi wa kanisa la Kibaptisti. Jumatatu hadi Ijumaa ni mlezi katika kituo cha watoto cha Vifaranga, mwanamume pekee katika kundi la walezi wake, na tangu mwaka jana ndiye mkuu wa chumba cha watoto wachanga.

Cheo hicho kidogo kilimgharimu. Nusura akikose, na nusura aondoke kabisa.

Analipwa dola ishirini na nne kwa saa. Kwenye gari la taka, alikofanya kazi karibu miaka ishirini, alikuwa akipata zaidi, hasa mwezi wa Krismasi.

"Nilipoacha kazi ile nilidhani nitaacha pesa na maumivu ya mgongo pamoja," anasema. "Pesa ilibaki kule. Mgongo ukanifuata."

Mtindo wake wa kutangaza kila jambo aliutoa huko huko kwenye gari la taka. Anayesimama nyuma ya gari hagusi mtambo wa kusaga kabla hajapaza sauti: naweka mkono, natoa mkono, niko kushoto. Asiyesema hupoteza vidole. Lakini kulikuwa na sababu nyingine, ambayo Garnet haisemi mpaka umekaa naye kidogo.

"Mwanamume mweusi mkubwa, kabla hapajapambazuka, nyuma ya nyumba ya mtu," anasema. "Usipotoa sauti, mtu anafungua mlango na kitu mkononi. Basi nilikuwa naongea na mapipa. Habari yako, pipa. Sasa nakuinua, pipa. Watu wanasikia, wanarudi kulala."

Mkewe, Verna, alifariki binti yao Shanelle akiwa hajafikisha mwaka. Garnet alilea mtoto kati ya zamu na zamu. Nepi ya kwanza aliyoifunga mwenyewe aliikaza kwa utepe wa kuzibia mabomba, na akina mama wa kanisa walipoiona walicheka hadi wakakaa chini, kisha wakamfundisha. Mtu aliyewahi kubaki na mtoto na kitanda kitupu anajua kujifunza ni kazi gani. Mungu alimpa moyo, na yeye akautumia.

Shanelle alipokwenda chuo kikuu cha Halifax, na daktari alipomwambia mgongo hautavumilia mapipa tena, Garnet naye akajiandikisha chuo. Miaka miwili alikaa darasani na wasichana wa umri wa binti yake, wakimwita Baba, akijifunza usingizi wa watoto, meno, lishe, na kwa nini mtoto hutupa kijiko makusudi.

"Mtihani wa lishe nilianguka," anasema. "Niliandika maharage na mkate wa molasi kwenye kila jibu."

Miaka sita alikaa Vifaranga na watoto wa miaka mitatu na minne. Hakuna aliyekuwa na neno. Watoto wa umri ule wanajivua wenyewe na kwenda msalani wenyewe, mlezi anasimama pembeni tu. Mwaka jana majani yalipoanza kupukutika, mkuu wa chumba cha wachanga alistaafu, na meneja, Rosalind Comeau, akampa Garnet nafasi ile. Hapo ndipo maneno yalipoanza, kwa maana mtoto mchanga hubadilishwa nepi.

Neno la kwanza lilitoka kwa Tanis Sylliboy, mama wa Kimikmaki, kabila la wenyeji wa asili wa nchi hii, anayefanya kazi ya kufua na kupanga mashuka hospitalini. Alikuwa anamleta binti yake Noelle, wa miezi minane. Alimwona Garnet amesimama kwenye meza ya kubadilishia nepi, akamkumbatia mtoto bila hata kuvua koti, akaenda ofisini.

"Sina ugomvi na yeye kama yeye," alimwambia Rosalind. "Sitaki mwanamume yeyote ambadilishe mwanangu. Yeyote yule."

Kabla wiki haijaisha, wazazi wengine wawili walisema wanafikiri hivyo hivyo, ila walikuwa wanaona haya.

Rosalind si mtu mbaya. Ana roho ya kutaka kila mtu aondoke ameridhika, na hiyo humwingiza mtu matatani. Alimkuta Garnet kwenye mashine ya kufulia, akamwambia kwa upole kwamba labda itakuwa busara kituo kiwe na utaratibu: wanaume wasibadilishe nepi, wala wasilaze watoto.

"Wanaume," Garnet alirudia. "Wanaume wangapi, Rosalind?"

"Garnet, usinifanyie hivyo."

"Nauliza tu. Nataka kujua wenzangu ni akina nani."

Alikunja mataulo yote yaliyokuwa ndani ya mashine, akaenda zake. Usiku ule alimpigia Shanelle simu na kumwambia huenda akarudi kwenye taka, mgongo utake usitake. Mchumba wa chumba cha wachanga, kama anavyojiita mwenyewe kwa utani, alikuwa amekataliwa na wakwe.

Rosalind aliitisha mkutano wa wazazi na walezi, Alhamisi jioni, kwenye ukumbi wa chini. Kulikuwa na chai, biskuti za shayiri, na keki ya karoti. Wazazi walikaa kwenye viti vya watoto, magoti karibu na masikio, maana vingine havikuwepo. Garnet alisimama nyuma, ameegemea ukuta, kofia mkononi.

Rosalind alieleza utaratibu anaoupendekeza. Alieleza kwa maneno mazuri sana kiasi kwamba watu wawili waliuliza unahusu nini.

Ndipo Vesta Sparks, mpishi wa kituo, ambaye wote humwita Shangazi, alipotoka jikoni anapangusa mikono.

"Rosalind, nikuulize neno, na usinikasirikie, kwa sababu kesho utakula kwangu."

"Uliza, Shangazi."

"Akija mzazi hapa akasema hataki mikono myeusi imshike mtoto wake, utamwambiaje?"

"Nitamwonyesha mlango."

"Kabla hajavua buti?"

"Kabla hajavua buti."

"Basi huyu anayesema hataki wanaume, mbona umemwekea kiti na chai?"

Watu walicheka, lakini kicheko kilikatika upesi. Uso wa Rosalind ulikuwa mwekundu hadi shingoni. Tanis Sylliboy aliinuka kutoka kwenye kiti chake kidogo, Noelle amelala begani.

"Siyo kitu kimoja, Shangazi," alisema. "Muulize mwanamke yeyote humu ndani alianza kuogopa akiwa na umri gani. Muulize mmoja tu. Mimi sikufanywa kitu na rangi ya mtu. Nilifanywa na mwanamume, na alikuwa mtu ambaye mama yangu alimwamini."

Mama mmoja alishika mkono wa aliyekaa karibu naye, wala hawakuwa marafiki.

"Pole, mwanangu," alisema Shangazi Vesta, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Pole kabisa. Lakini nikuulize na wewe. Ukiingia dukani, mlinzi anafanya nini?"

"Ananifuata. Hadi kwenye sabuni."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mimi ni Mmikmaki."

"Na akikwambia aliwahi kuibiwa na mtu wa kwenu, utakubali akufuate?"

"Sikubali."

"Hata mimi sikubali, na mimi wananifuata hadi kwenye nyama. Sasa nionyeshe tofauti ilipo, maana mimi nimeitafuta huko jikoni tangu mchana sijaiona."

"Shangazi," Garnet alisema kutoka nyuma. "Mwache dada wa watu."

Alikuja mbele. Waliokuwapo wanasema alitembea polepole, na kama kawaida yake alitangaza kila hatua: "Sasa napita hapa. Samahani. Sasa nasimama." Wengine walitabasamu bila kutaka.

"Tofauti ipo, Shangazi," alisema. "Mwenye duka akikosea, anapoteza sabuni. Mwanamke akikosea kumwamini mwanamume, huenda asirudi nyumbani. Siyo hasara moja. Shanelle alipoanza chuo nilimwambia, ukiingia kwenye teksi, piga picha namba ya gari umtumie baba. Sikumwambia afanye hivyo dereva akiwa mwanamke. Mimi, mwanamume, nilimfundisha binti yangu kuogopa wanaume, na kesho nitamfundisha tena. Sasa nitamwitaje dada Tanis mjinga?"

Baba mmoja kijana aliyevaa ovaroli za gereji alinyoosha mkono, akasema kwamba hata hivyo takwimu zipo, wanaofanya mambo haya wengi ni wanaume, hakuna wa kubisha.

"Sibishi," Garnet alimjibu. "Ila hata askari anayesimamisha gari langu ana takwimu zake. Kila mara ananiambia, bwana, hatukulengi wewe. Najua hanilengi mimi. Angenilenga mimi ningefurahi, maana angejua jina langu."

Halafu alimgeukia Tanis. Hakupandisha sauti, kwani sauti yake haihitaji kupandishwa.

"Dada, ukiniambia mimi naogopa, nakusikia. Tukikutana jioni njiani, mimi ndiye nitakayevuka upande wa pili nikurahisishie. Nimefanya hivyo maisha yangu yote, sijanuna. Hofu yako ni yako, na wewe mwenyewe unajua uliilipia nini. Lakini nyumba nzima ikiweka sheria kwamba mtu wa aina yangu haaminiwi na mtoto, hapo hakuna Garnet tena. Ipo aina tu. Na kwenye aina mimi sina namna ya kujitetea, kwa sababu kosa lake sikulitenda mimi."

Alimtazama Rosalind.

"Semeni kwamba mlezi yeyote asibaki na mtoto nyuma ya mlango uliofungwa. Awe Garnet, awe Rosalind, awe mke wa mchungaji. Nitakuwa wa kwanza kuifuata. Mkisema wanaume, kesho narudi kwenye mapipa. Yale hayajawahi kuitisha mkutano juu yangu."

Watu walianza kupiga makofi. Hapo ingefaa hadithi iishe, na pengine Garnet mwenyewe angependa iishie hapo. Lakini kwenye kona, nyuma ya keki, alikuwapo Lorne Zwicker.

Lorne ni babu wa mtoto aitwaye Beckett. Ni mchomeleaji vyuma, ana ndevu hadi kifuani, koti la ngozi, pikipiki kubwa wakati wa kiangazi, na shingo iliyochorwa fuvu la kichwa kutoka sikio hadi sikio. Aliweka sahani chini.

"Nilinyamaza kwa sababu nilifuata keki," alisema. "Umesema vizuri, Shemasi. Na mimi je?"

"Wewe kuna nini, Lorne?"

"Kitambulisho changu. Tangu Oktoba namchukua Beckett kila Jumanne, na kila Jumanne unaniomba kitambulisho. Umekishika kuliko mke wangu anavyonishika mimi."

Kicheko kilipasuka. Garnet alisubiri kiishe.

"Ule ni utaratibu, Lorne. Usalama wa watoto."

"Utaratibu wa peke yangu. Jumanne hii hii alikuja mama mmoja ana kofia ya manyoya, hajawahi kufika hapa hata siku moja. Nilikuwa nimesimama pale pale. Ulimpa mtoto, ukambebea mkoba, ukamfungulia na mlango wa gari."

"Yule ni Dada Eunetta. Ni bibi yake mtoto, anaimba kwaya kanisani kwetu."

"Wewe unajua anaimba kwaya. Mimi niliona kofia."

Garnet aliikunjakunja kofia yake kama mtoto aliyekamatwa. Walezi wenzake wanasema hawajawahi kumwona vile, na miaka sita wamemwona akitapikiwa na watoto bila kupepesa jicho.

"Ni shingo yako, Lorne," alisema hatimaye.

"Najua ni shingo yangu."

"Ina fuvu."

"Fuvu hilo lina jina la mama yangu chini yake. Sogea usome."

Garnet alikwenda. Alivuka ukumbi, akainama, akasoma kwa sauti mbele ya watu wote: "Imelda." Kisha akasimama wima.

"Samahani, Bwana Zwicker," alisema. "Nilikuwa nakuona kila Jumanne na sikuwahi kukuona."

"Niite Lorne. Bwana Zwicker alikuwa baba, na huyo kweli ungemwomba kitambulisho."

Utaratibu uliopitishwa jioni ile ni mfupi. Hakuna mlezi anayekaa na mtoto nyuma ya mlango usioonyesha ndani, na hakuna anayechukua mtoto bila kitambulisho mpaka walezi wote wamjue. Mlango wa chumba cha nepi uliondolewa, Lorne akatengeneza mwingine wa chuma chembamba wenye kioo kikubwa, na hakutoza kitu isipokuwa keki. Garnet aliendelea kuwa mkuu wa chumba cha wachanga.

Utaratibu ulimgusa kila mtu, na wa kwanza kuumia alikuwa Dada Eunetta. Alifika na kofia yake, kitambulisho amekiacha Preston, theluji inamwagika. Garnet alimketisha, akampa chai, lakini mtoto hakumpa mpaka mama yake alipopigiwa simu na kupatikana.

"Jumapili ile alikuwa na zamu ya kupitisha sahani ya sadaka," Garnet anasimulia. "Ilifika kwenye benchi letu, akaniruka. Shemasi mzima. Nilikaa na noti yangu mkononi kama mtoto."

Je, wamepatana?

"Ananisalimia sasa. Kwa mbali. Lakini nilimwambia, Dada Eunetta, nimemnyima njia Lorne miezi kwa ajili ya shingo, nikakupa wewe kwa ajili ya kofia. Kama kofia inatosha, basi hata mtu mbaya anaweza kununua kofia. Nilimwona anafikiri."

Tanis Sylliboy hakushawishika siku moja. Alimwambia Rosalind, "Sheria ni nzuri, lakini mimi bado ni mimi." Garnet alimpelekea kiti cha kubembea kwenye kona ya chumba cha wachanga na kumwambia akae atakavyo. Alikaa, kila alipokuwa na nafasi kabla ya zamu, wiki mfululizo, mikono kifuani, macho hayatoki. Garnet hakubadili chochote. Sasa nakuinua, Bi. Ada. Sasa nakufungua. Baridi kidogo. Sasa nakufuta. Tayari, umekuwa mtu.

Leo Noelle ana mwaka mmoja na anatembea kwa kushika mguu wa suruali ya Garnet. Garnet ndiye anayemlisha na ndiye anayemlaza. Nepi yake hubadilishwa na Corinne, mlezi mwenzake, kwa sababu hivyo ndivyo mama yake alivyomwomba Garnet, uso kwa uso, na hivyo ndivyo Garnet alivyokubali.

Je, hilo si lile lile alilolikataa mkutanoni?

"Hapana," anasema, na kwa mara ya kwanza anaacha kukunja mataulo. "Kule niliambiwa aina yangu isifanye. Hapa mama mmoja, ninayemjua jina, ameniomba mimi, anayenijua jina. Hilo naliweza. Akibadili mawazo kesho, niko hapa. Asipobadili, mtoto anakua, nepi zitakwisha zenyewe."

Tanis mwenyewe, akimvalisha binti yake buti jioni, alikuwa na maneno machache.

"Sijui kama niko sawa," alisema. "Nimejiuliza sana. Shangazi Vesta aliniuliza swali na bado linaniwasha. Ila nilipomwambia Garnet naogopa, hakuniambia yeye ni mtu mzuri. Wote huniambia wao ni watu wazuri. Yeye aliniletea kiti."

Kisha akacheka kidogo.

"Juzi nilikuwa dukani, mlinzi akaanza kunifuata. Nikageuka, nikamwambia kwa sauti ya Garnet: Sasa nachukua shampuu. Hii hapa shampuu. Sasa naiweka kwenye kikapu. Duka zima liligeuka. Yule kijana alipotea hata sikumwona alikokwenda."

Wazazi waliokuwa wanaona haya walikwisha kumzoea. Wapo sasa wanaompigia simu Garnet nyumbani kuuliza juu ya homa na meno, na yeye huwaambia, kwanza, pumua wewe. Chumba chake hakina nafasi. Wanaongoja zamu wameambiwa labda kiangazi. Corinne anasema watoto waliokataa kulala kwa mtu mwingine yeyote hulala kifuani mwa Garnet kama mzigo uliotuliwa, na kwamba yeye mwenyewe siku ya uchovu hutamani kujaribu.

Akiulizwa anajivunia nini, Garnet hasemi mkutano. Anaelekeza kidole kwa mtoto wa kiume aliyekuwa hatazami mtu machoni alipoletwa, ambaye sasa amesimama dirishani akiipigia kelele barabara.

Ni Jumatano, siku ya taka. Gari kubwa la kijani limesimama mbele ya kituo, na wachanga wote wanaoweza kusimama wamebandika pua kwenye kioo. Nyuma ya gari amening'inia Alvin Tynes, mwenzake Garnet wa zamani, ambaye naye mgongo umeanza kumsema. Garnet anatoka hadi kwenye ngazi, mtoto mmoja begani amefungwa blanketi.

"Mama Garnet," Alvin anaita. "Hujambo? Maziwa yanatoka?"

"Yanatoka. Njoo uonje."

"Harufu ya hapo kwako na ya huku kwangu, ipi kali?"

"Ya kwangu ina jina na inacheka. Umejaza zile karatasi za chuo?"

Alvin anatupa mfuko ndani ya gari, anajipangusa pua na mkono wa glavu. Hii ndiyo azma kubwa ya Garnet kwa sasa, kuliko mshahara, kuliko cheo: kabla hajastaafu, awepo mwanamume wa pili Vifaranga, na wa tatu kituo kingine, ili mtoto wa kiume akikua asidhani kubembeleza ni kazi ya mama peke yake. Amewasemesha watu wawili. Mmoja alikataa siku hiyo hiyo. Alvin amebaki.

"Nitachekwa, Garnet," anasema Alvin, na safari hii hatanii. "Wewe wamekuzoea. Mimi wataniangalia vile walivyokuangalia wewe."

"Watakuangalia. Sitakudanganya. Wa kwanza wao atakuwa na sababu zake, na utamletea kiti."

"Na hao wa nyumbani? Wale wa Preston?"

"Hao watakucheka mwaka mmoja," anasema Garnet, akimfunika vizuri mtoto asipigwe na upepo. "Mwaka wa pili watakuletea watoto wao."